Kunyoosha Maneno ya Mama

Saiba niliyofanya kazi Kitale ilikuwa orofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za shamba, kwa hivyo hata mtu aliyekuja kusoma habari za mapenzi alipanda ngazi akinukia dawa ya kuua fukusi. Mdosi wangu alikuwa amepaka maneno ukutani kwa rangi nyekundu: INTANETI NI RAHA. Mimi niliyaamini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, shule niliiachia kidato cha pili, halafu nikafanya kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, na sasa nilikuwa nimepewa kiti kinachozunguka. Ukiwa na kiti kinachozunguka, bana, unaona kama maisha yameanza. Kila asubuhi nikitembea kutoka mtaa wa Tuwan, nilikokuwa nakaa, nilikuwa napanga: mwaka ujao nafungua saiba yangu Bungoma karibu na mama, mwaka wa pili naongeza ya Webuye, mwaka wa tatu sijui nini, labda ndege.

Lakini ukikaa pale juu mchana kutwa unaanza kuona vitu. Mtu alikuwa anaingia amechangamka, ananiita madam, anauliza mashine gani iko mbio. Baada ya nusu saa anashuka zile ngazi kama mtu aliyetoka kuangalia matokeo ya mtihani. Kuna mwalimu mmoja alikuwa anakuja kila Ijumaa kutazama picha za wenzake aliosoma nao, walioenda ng'ambo. Anazitazama moja moja, anasema "sawa, sawa," kisha ananiuliza, "Madam, hii gari iko nyuma yake unadhani ni yake kweli?" Nilikuwa namwambia labda ni ya jirani. Analipia dakika zake, anaenda nyumbani na hilo jibu. Nikaanza kuyaonea shaka yale maandishi mekundu.

Kazi yangu hasa haikuwa kuuza dakika, ilikuwa kuandikia watu. Wakulima wengi hawakujua kibodi. Walikuwa wanakaa kwenye benchi karibu nami, wanasema, mimi nagonga. Siku za kwanza nilikiandikia tangazo kikundi cha akina mama wa kanisa. Walitaka niseme siku ya mkutano kutakuwa na kura. Sasa sisi wa Bungoma, ulimi wetu haubagui kati ya l na r. Nikaandika nilivyozoea kutamka: kutakuwa na kula, wanachama wote wafike. Walifika. Walifika na watoto, na wengine na vyombo vya kubebea. Mwenyekiti aliyekuwa anamaliza muda wake akapanda ngazi akiwa na sare yake, akaniambia polepole, "Mtoto wangu, umeniangusha kwa wali ambao haukuwepo."

Tangu hapo kila l na kila r nilikuwa naiuliza mara mbili kabla sijaigonga. Hiyo ndiyo sababu niliona kile nilichokuja kuona baadaye.

Kaka yangu mkubwa, kifungua mimba wa mama, ni fundi wa kuchomelea. Mwaka ule alikuwa ameenda Dar es Salaam na mkandarasi aliyetafuta mafundi wa kazi ya ghorofa. Kupiga simu nje ya nchi kulikuwa kunameza kadi kabla hujamaliza salamu, na mama hakuwa na simu. Kwa hivyo tulifanya hivi: Jumamosi kaka anaenda saiba ya huko, anatuma barua pepe kwa anwani yangu. Mimi naiprinti. Kila Jumapili ya pili naenda nyumbani Bungoma, upande wa Kanduyi, namsomea mama. Mama ananiambia la kujibu, naliandika kwa daftari, na Jumatatu nalituma.

Mama alizipenda zile karatasi kuliko nilivyotegemea. Alikuwa anazikunja mara nne na kuziweka ndani ya Biblia, akija mgeni anazitoa. "Hii ilitoka Dar jana," anasema, "na haikupitia posta." Nilikuwa nafurahi mpaka nasikia joto masikioni. Nikasema, kumbe mdosi hakudanganya.

Halafu goti la mama likavimba. Lilianza kama uchovu, likaja fimbo, likaja kidonda upande wa ndani ambacho hakikufunga. Daktari wa zahanati alimwambia aende hospitali kubwa apigwe picha, na hakuficha kwamba kuchelewa ni kubaya. Mama akakataa.

"Mimi nikalazwe na mkubwa wenu hajui? Nani atasimama pale waseme wanakata ama hawakati? Wewe?"

Mimi daktari akinitazama tu nasahau hata jina langu. Kwa mama, jambo kama hilo ni la mtoto wa kwanza, na hakuna mtu angemtoa hapo. Akaniambia, "Shika kalamu. Mwambie mguu umekataa. Haurari, na mimi sirari. Mwambie jikoni kunanyesha kuliko nje. Akuje."

Jumatatu nikakaa kwa kile kiti changu, nikafungua daftari. Vidole vilipofika kwa "umekataa" vikasimama. Nilimwona kaka yangu juu ya vyuma vya ghorofa, miwani ya kuchomelea usoni, akifikiria mguu wa mama. Si angeanguka? Roho yangu ni laini, sijifichi. Nikaandika: "Mwanangu mpendwa, mimi ni mzima wa afya. Mguu unasumbua kidogo tu. Nyumbani kuna amani na furaha tele. Usiwe na wasiwasi." Nikaisoma, nikaona ni nzuri. Nilikuwa nimewanyooshea wateja wengi maneno yao namna hiyo, wakashukuru. Nilikuwa nakuita hivyo, kunyoosha. Nikatuma, nikarudi Tuwan jioni nikiimba.

Jibu likaja Jumamosi. "Mama yangu mpenzi, shikamoo. Nimefarijika mno kusikia kwamba mguu si tatizo kubwa. Mimi huku nimenenepa, nina marafiki wema, na moyo wangu umejaa furaha isiyo kifani."

Nilipomsomea mama, alikuwa ameweka mguu juu ya kigoda. Akasema, "Ana furaha."

"Ndiyo."

"Na nilimwambia akuje, hajasema lolote?"

"Bado."

"Basi tumwache kwanza. Mtu akipata furaha mara moja, si mama yake wa kumharibia." Akavuta leso akafunika goti.

Hivyo ndivyo mguu ulivyoanza kungoja. Mara ya pili mama alisema niandike tu kwamba usiku unauma zaidi, na mimi nikaliacha hilo kabisa, nikasema wanakwaya walimtembelea. Mara ya tatu akasema niandike ninavyoona. Na kila Jumamosi kaka alizidi kuwa na furaha, mama akazidi kumwachilia, na kidonda kikazidi kupanuka.

Mimi ndipo nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Hizo barua zilikuwa safi sana. Kaka yangu, nikiwa shule, aliniandikia barua moja kwa mkono wake, nzima ilikuwa hivi: "Habali yako. Mimi niko sawa. Soma. Sina mengi." Huyo ndiye kaka ninayemjua. Huyu wa saiba alikuwa na mengi. Kila r ilikaa mahali pake kama askari wa paredi. "Furaha isiyo kifani," mtu wa kwetu angelitoa wapi hilo neno? Na shikamoo. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwambia mama shikamoo. Sisi tunasema mulembe, tunashikana mikono, tunaulizana kama mvua ilifika.

Nikawaza mabaya yote. Labda ameibiwa ile anwani. Labda ameanguka kweli, na kuna mtu anatuandikia kwa huruma. Nilikuwa nazichapisha zile barua na kuzitazama kwenye mwanga wa dirisha, kama mtu anayetafuta noti bandia. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba mwandishi hakuwa anaomba kitu. Tapeli angeomba. Huyu alikuwa anatoa furaha tu, bure, kila wiki.

Nikamtega. Chini ya barua ya mama niliongeza swali: "Kaka, unakumbuka ulichokitoboa ukiwa darasa la saba?" Hilo hakuna mtu wa nje anayelijua. Alichukua waya wa jirani akijifunza kuchomelea, akatoboa sufuria ya ugali, na akaizika nyuma ya choo.

Jumamosi jibu likaja. "Ewe dada yangu, nakumbuka vyema. Ilikuwa ile sufuria ya mama, nami niliifukia nyuma ya choo kwa woga."

Nikaegemea kiti, kikazunguka chenyewe kikanigeuza ukutani. Ni yeye. Na si yeye. Kaka yangu ndiye alisema, lakini "nami niliifukia" hakusema yeye. Nikakaa nikitazama yale maandishi ya mdosi, na mzee mmoja kwenye benchi akaniuliza, "Madam, si uliandika nilivyosema?" Nikatazama kioo cha kompyuta. Yeye alikuwa amesema mwambie mjomba mahindi yameharibika. Mimi nilikuwa nimeandika mavuno ni ya wastani.

Hapo nikajua. Huko Dar kuna benchi, na kando ya benchi kuna mtu kama mimi.

Nikamwandikia siku hiyo hiyo kwa anwani ile ile ya kaka, bila kumtaja mama. "Wewe unayemwandikia kaka yangu, mimi pia hii ndiyo kazi yangu. Tafadhali niambie, yeye anasema nini hasa?"

Sikungoja Jumamosi. Jumatatu asubuhi ilikuwapo.

"Dada, habari za huko. Naomba unisamehe. Mimi ni msichana wa saiba kama wewe, na kaka yako ni mteja wangu. Huwa anakaa kimya muda mrefu, kisha ananiambia, andika niko sawa. Nami naona mama wa watu yuko mbali, niko sawa haitoshi, basi namwongezea. Ukweli ni kwamba kazi ya ghorofa ilisimama zamani. Anafanya vibarua, analala karakana kwa rafiki yake. Amekonda. Angependa kurudi, ila anasema mama yake sasa ana furaha kuliko wakati alipokuwa naye, na akitokea mlangoni mikono mitupu atamharibia. Jambo moja, dada. Barua za mama namsomea mara mbili mbili. Juzi aliniuliza, huyu mama ananiita mwanangu mpendwa tangu lini? Akasema, kuna kitu. Je, kuna kitu?"

Niliisoma nikiwa nimeweka mkono mdomoni. Nikamwomba mdosi ruhusa, nikamwambia ni mguu wa mama. Nikaprinti barua zote nilizowahi kutuma kwa jina lake, nikazishika ndani ya bahasha mpaka Bungoma, na njiani sikupanga kufungua saiba popote.

Nilimkuta mama anachambua maharagwe kwenye ungo, mguu juu ya kigoda, leso imelowa kidogo mahali pa kidonda. Sikukaa.

"Mama, nimekosa."

Akaniangalia tumbo. "Una mimba?"

"Hapana."

"Basi kaa useme."

Nikasema yote. Msichana wa Dar, karakana, kukonda. Nikasema na yangu: "umekataa" niliyoiacha, "jikoni kunanyesha" niliyoiacha, "akuje" niliyoiacha. Mama hakupandisha sauti. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, akisikiliza. Nilipomaliza akasema, "Nisomee."

"Zipi?"

"Hizo zangu. Nilizoandika."

Nikamsomea moja baada ya nyingine. Mwanangu mpendwa. Mzima wa afya. Amani na furaha tele. Wanakwaya walikuja, tukaimba mpaka jioni. Karatasi ya mwisho ilipoisha aliweka ungo chini.

"Huyo mama anakaa wapi?"

"Mama..."

"Nauliza tu. Anaonekana hana shida. Ningeenda kwake aniazime mguu."

Nilitaka kucheka, nikalia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akauliza kitu ambacho sijawahi kuulizwa na mtu mwingine.

"Ukiandika hivyo, na mimi niko hapa na hii goti, wewe ulikuwa unasikia vizuri?"

Nikafikiria zile jioni za Tuwan. "Nilikuwa nasikia vizuri," nikamwambia.

"Na huyo msichana mwingine naye alisikia vizuri."

"Labda."

"Basi mmefurahi nyinyi wawili."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayehesabu viti kanisani akaona vilivyokaliwa ni viwili. Kisha akaniambia, "Toa hiyo daftari. Na leo usinyooshe."

Aliongea polepole, akinipa nafasi ya kuandika. "Sema: huu mguu unaoza. Mimi siendi hospitali bila wewe, na hiyo si kiburi, naogopa. Sema sikutaki na pesa, nakutaka na miguu yako miwili. Sema dada yako ni mwongo lakini ni mwongo mzuri, usimpige." Akafikiria. "Hapo kwa mwongo mzuri, toa mzuri."

Nikarudi Kitale, na Jumanne nikagonga kila neno lilivyotoka. Vidole vilikuwa vinataka kurudi nyuma kama ng'ombe wanaojua njia ya mtoni. Chini nikaongeza: "Dada wa huko, msomee ilivyo. Na akijibu, andika ilivyo, hata herufi."

Siku nne hizo sikuamini chochote kilichokuwa kwa ile mashine. Ikilia, naruka. Nilijiuliza kama nimemwangusha kaka yangu kutoka juu ya kitu. Jumamosi, saa kumi na dakika chache, ikaingia.

"Mama habali. Kazi irisha kitambo. Nakuja. Mguu usikatwe kabla sijafika."

Na chini yake, kwa mkono wa yule msichana: "Dada, nimeona aibu kuandika hivi. Lakini alishika meza akasema niandike hivyo hivyo, kisha akaondoka bila kungoja chenji."

Nilimpelekea mama nikidhani atafurahi. Aliisikiliza, akaishika ile karatasi, hakuiweka ndani ya Biblia. "Hii ni yeye," akasema. "Lakini nitajua akifika." Na mimi, bana, nilikuwa hivyo hivyo. Barua pepe tayari zilikuwa zimeniletea watu wawili ambao hawakuwapo, mama mmoja na kaka mmoja. Sikuwa tayari kumpokea wa tatu mpaka nimguse.

Alifika Alhamisi mchana, mfuko mmoja begani, shati limemzidi mabega. Mimi nilikuwa nimekuja tangu jana yake. Mama hakuamka, hangeweza, alinyoosha tu mkono. Walisalimiana sana, mulembe, mulembe, mvua, ng'ombe wa jirani, kisha mama akamtazama kutoka viatu kwenda juu.

"Umekonda."

"Ndiyo."

"Ulisema umenenepa."

"Sikusema mimi." Akaniangalia. "Ni hawa watu wa intaneti."

"Usinipige," nikasema.

"Nikupige na nini? Angalia hii mikono." Halafu akachuchumaa, akafunua leso, akalitazama goti kwa karibu. "Mama. Hii ndiyo kidogo tu?"

Mama akageuza uso. Nilitoka nikaenda kutafuta maji ambayo hayakuhitajika.

Mguu haukukatwa, nisikuweke roho juu. Walimlaza wiki nyingi, wakapasua, wakasafisha, kaka akasimama pale na kuuliza maswali yote ambayo mimi nisingeweza, na goti likapona bila kukunja tena. Lakini ninachokumbuka zaidi ni asubuhi ya Ijumaa walipoondoka. Kaka alikuwa ameazima baiskeli ya bodaboda, akamkalisha mama nyuma kwenye kile kiti cha sponji, mguu umenyooka mbele kama mwiko, na yeye hakupanda, akaisukuma kwa miguu. Nilitembea nao mpaka barabara ya lami. Mama alikuwa anamgombeza njia nzima: umepita kwa shimo, unasukuma kama unafukuzwa, huko Dar hawakuwafundisha baiskeli? Kaka anajibu ndiyo mama, pole mama, na shingo yake ilikuwa imelowa jasho ingawa jua lilikuwa bado halijakaza.

Pale lami nikasimama, maana mtu alihitajika kubaki na nyumba. Mama akageuka akanitazama, ameshika shati la kaka kwa mikono miwili.

"Na wewe," akasema, "hii usimwandikie mtu."